Maji yalikuwa mafu: kisa cha mdogo wangu alovunjika shingo akichupa baharini

Mdogo wangu kaniruhusu niandike kila kitu isipokuwa jina lake, kwa hio jina hamtolipata, ila mengine yote nayaweka kama yalivyotokea mpaka yale ya chooni, maana hayo ya chooni ndo yalokuwa magumu kuliko yote na ndo ambayo hakuna mtu alotwambia mapema. Ni miaka mitatu na nusu sasa toka avunjike shingo. Na kama kuna kitu kimoja nataka mwenye mgonjwa wa namna hii akishike ni hiki: sisi tulikaa tunasubiri miguu, kila asubuhi tunatazama vidole vya miguu kama vimecheza, na huku pengine, pahala ambapo hatupatazami, mtu wetu alikuwa anatutoka.

Nianze na maji. Wanaokaa Unguja wanaujua ukuta wa Forodhani, jioni vijana wanachupa mmoja mmoja na watu wamekaa na urojo wao wanatazama. Mdogo wangu alikuwa na miaka 19 na pale kachupa toka yuko skuli ya msingi. Wiki moja kabla, mwezi 16 kwa hesabu ya mwandamo, kachupa mida ya saa kumi na nusu jioni, bamvua, maji yamejaa mpaka juu, hakuguswa na kitu. Mwezi 23 akarudi ukuta uleule saa ileile. Sasa hapa wengi hawapaelewi, hata sie tulozaliwa na bahari hatupafikirii. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa mida hio ya jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Lakini kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, piga hesabu ya siku saba utaona ile saa ya kujaa ishageuka kuwa saa ya kupwa. Na ni kupwa kwa maji mafu, yale hayatoki mbali, hayaachi mchanga wazi kama bamvua, kwa hio ukisimama juu ya ukuta unaona bahari ipo, buluu ipo, unasema maji yapo. Yalikuwepo kweli, ya kiunoni.

Na siku hio hakuchupa kwa miguu, alitanguliza kichwa.

Yeye hakupoteza fahamu hata dakika moja. Anasema kichwa kilipogusa mchanga alisikia kama shoti ya umeme imepita mwili mzima, alafu kimya. Macho yako wazi, anauona mchanga, anaona na mikono yake imeelea mbele yake, anaiambia igeuke na haigeuki, na akaanza kuhesabu pumzi ilobaki. Wenzake juu wakacheka, wakadhani anawafanyia mzaha kwasababu alikuwa na tabia hio ya kujifanya kazama. Kilochomuokoa ni mmoja alosema huyu leo kakaa sana.

Wakamvuta. Wakamshika huyu mkono huu na yule mkono ule, kichwa kinaning'inia, wakampandisha ukutani, mtu mzima mmoja akamkalisha ampe maji ya kunywa, alafu wakamkunja nyuma ya teksi, kichwa mapajani mwa rafiki yake. Sitaki mtu awalaumu wale vijana, mkubwa wao alikuwa na miaka 20 na walimtoa kwenye maji akiwa hai, na mmoja mpaka leo anakuja kila Ijumaa. Ila lazima niseme ilitakiwa iweje. Mtu alochupa kichwa akaibuka hachezi, muhesabuni shingo imevunjika mpaka hospitali iseme sivyo. Mgeuzeni humohumo majini awe chali, mmoja ashike kichwa na mabega yaende pamoja kama kipande kimoja cha mti, maji yenyewe yanambeba, hayana haraka na nyinyi msiwe na haraka. Tafuteni ubao, hata mlango wa banda, mtoeni juu ya ubao kanyooka, kanga zikunjwe ziwekwe huku na huku ya kichwa. Kama hapumui bas pumzi kwanza, hilo halina mjadala. Lakini kama anapumua na anasema, hakuna sababu ya kumkalisha wala ya kumpa maji. Kiasi gani cha madhara yake kilitoka kwenye kuchupa na kiasi gani kilitoka kwenye kule kubebwa hakuna wa kutwambia na nishaacha kuuliza.

Shingo ina pingili 7. Yake ilopasuka ni ya tano, na hio ya tano na ya sita ndo zinazovunjika sana kwa watu wa kuchupa, maana kichwa kikisimama ghafla kiwiliwili kinakuja nyuma na uzito wote na shingo inakuwa kama nguzo ilobebeshwa nyumba. Kipande cha mfupa kikarudi nyuma kikaubana ugwe, ule mshipa mnene wa fahamu unaopita ndani ya pingili kutoka kwenye ubongo. Mabega aliweza kuyapandisha na kiwiko akaweza kukikunja. Kukinyoosha hawezi, kiganja hakipo, vidole havipo, na kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu. Usiku ule presha ilikuwa chini, 80 kwa 50 na moyo unapiga taratibu, mara 48 kwa dakika, na ngozi yake ya joto, mimi nikafikiri joto lile ni uzima. Kumbe ni mishipa imelegea kwasababu amri kutoka juu haifiki.

Siku ya tatu tukavuka nae kwenda bara. Operesheni ikafanywa siku ya tisa, tulisubiri vyuma, na siku hizi madaktari wakiweza wanapenda ule mbano utolewe ndani ya saa 24. Wakapita mbele ya shingo, wakatoa kile kipande, wakapachika mfupa walouchukua nyongani kwake na wakafunga plate na skrubu. Mama alipoona katoka theatre yuko hai akasujudu pale korido, na sote tukashika kwamba sasa ishatengenezwa, inabaki kupona. Daktari mmoja kijana akanivuta pembeni, akanambia, "Kaka, tumejenga ukuta. Waya wa ndani hatujauunga, hakuna anayejua kuuunga." Nilimchukia siku ile. Sasa hivi namuombea dua, maana ndo mtu wa kwanza alotuheshimu kwa kutwambia kweli.

Na alitueleza kipimo chao, wanapima kwa pini na pamba mwili mzima alafu wanapima na kwenye tundu ya haja kubwa, kwasababu mishipa ya pale ndo ya mwisho kabisa chini, ikiwa pale pana hisia ina maana kuna njia japo nyembamba imebaki. Herufi A mpaka E. A ni kwamba pale hakuna hisia wala nguvu, E ni mzima. Mdogo wangu alikuwa A. Wiki ya tano akawa B, anasikia mguso pale na kidogo kwenye unyayo. Tulilia kwa furaha, tukapiga simu nyumbani, na kuanzia hapo ndo kungoja miguu kukawa kazi yetu rasmi.

Wakati sisi tunatazama nyayo, kifandugu chake kilikuwa kinaoza.

Hili nalisema bila kutaja pahala. Kulikuwa na wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wawili usiku, na ndugu hawaruhusiwi kulala, na mgonjwa asosikia hajui kwamba anaumia kwa hio hapigi kelele. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi alikuwa chali, masaa kumi, siku kadhaa mfululizo. Damu haipiti pale mfupa unapobana ngozi na godoro, nyama inakufa kwa ndani kwanza, juu unaona kidoa tu. Wanakwambia tazama wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani, mie niliambiwa na muuguzi mmoja mtu mzima, tena kwa kuchelewa: tazama pahala pamekuwa peusi kuliko penginepo, pashike pana joto au pamekuwa pagumu, bonyeza, ukiachia na rangi haibadiliki bas kidonda kishaanza. Alipompindua mbele yangu siku ile ya 15 kilikuwa ukubwa wa kisosi. Siku ya 20 ilikuwa shimo, na ukilitazama unauona mfupa.

Miezi mitano. Kidonda kile kilikula miezi mitano, kuoshwa kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kupakwa asali, harufu ndani ya chumba, homa, kuongezwa damu mara mbili, na miezi yote hio hakuweza kukalishwa, na asokaa hawezi kuanza chochote, sio kiti, sio mazoezi ya mikono mezani, sio kutoka nje kuona jua. Ile ajali ilimchukua miguu na vidole. Kidonda kilitaka kumchukua yeye mzima. Na dawa yake ya kukizuia ilikuwa ni mikono ya watu na saa ya ukutani, kumgeuza kila masaa mawili, ubavu huu, chali, ubavu ule, mito katikati ya magoti na chini ya vifundo ili visigino vielee.

Baadae nikasoma nikakuta hili sio jipya. Zamani huko Ulaya mtu wa ugwe ulokatika alikuwa anahesabiwa maiti anayesubiri siku, na kilichokuwa kinawaua ni hivihivi vidonda na mkojo ulooza. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi alokimbia Ujerumani ya Hitler, akafungua wodi Stoke Mandeville kule Uingereza na jambo lake kubwa lilikuwa kugeuza watu kila masaa mawili mchana na usiku, na mwenyewe anapita usiku kuhakikisha. Vifo vikapungua sana. Mwaka 1948, siku ileile olimpiki ya London inafunguliwa, majeruhi 16 wa vita wakashindana pale kupiga mishale, na mashindano ya Paralimpiki yametokana na hapo. Mie likanikaa hilo, kwamba hakuanza na dawa, alianza na kugeuza.

Kifua nacho kilitusumbua mapema, wiki ya tatu nimonia, kwasababu misuli ya mbavu na ya tumbo imelala na mtu hawezi kukohoa, makohozi yanakaa. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akanifundisha kuweka viganja viwili chini ya mbavu na kusukuma juu pale anapojaribu kukohoa, nikawa mie ndo kikohozi chake. Yalipita.

Sasa mkono. Mwezi wa nne, asubuhi moja, kiganja cha kulia kikanyanyuka kwa nyuma, kidogo, kama mtu anayesema simama. Sisi tukaona mbona kidogo hivi, tulikuwa tunangoja vidole. Dada wa fizio alipiga kigelegele mpaka wodi ya pili wakaja kutazama. Akatuonesha: ukinyanyua kifundo cha mkono kwa nyuma vidole vinajikunja vyenyewe, kidole gumba kinakuja kugusa ubavu wa cha shahada, ukishusha vinafunguka. Jaribu na mkono wako ulolegea utaona. Hakuna nguvu kwenye vidole, ni kano zinavutwa tu, wenyewe wanaita tenodesisi, na kwa mtu ambae fahamu zake zimebaki mpaka pingili ya sita, kama yeye alivyokuwa sasa, hio ndo koleo lake la maisha. Kwa hio akasema lazima zile kano za vidole ziachiwe zikaze kidogo, msizinyooshe.

Na nyumbani tulikuwa na mkandaji. Mzee mwema, mwenye mkono mzuri, kakanda ukoo mzima, kaletwa na shangazi, na kila siku baada ya alasiri alikuwa anakinyanyua kiganja alafu anavinyoosha vidole vyote mpaka vilale sawa, kwasababu kidole kilojikunja machoni mwake ni ugonjwa. Kila anachokijenga yule dada Jumatatu mzee anakibomoa Jumanne. Na kumwambia mzee aache si jambo dogo kwetu, ni kama kumwambia hujui. Nilimwendea mwenyewe barazani kwake, nikamwambia, "Mzee wangu shikamoo, nimekuja na ombi, mikono ya mtoto tuiachie hospitali, wewe tusaidie mabega na dua." Akanyamaza, akasema, "Marahaba. Kama inamsaidia mwanangu mie nataka nini?" Mabega aliyakanda mpaka mwaka wa pili na yalihitaji kweli, maana mabega ndo miguu ya mtu wa kiti. Ila nilimuomba pia asitumie chupa ya maji moto wala mchanga wa moto popote kuanzia kifua kwenda chini, ngozi isiyosikia inaungua na mwenyewe anakutazama tu.

Leo kwa koleo lile anashika kijiko, anashika mswaki ulozungushiwa kitambaa kuunenepesha, anashika simu. Angekubali mtu kuyapoteza haya kwa kusubiri vidole vinyooke? Sisi tulikaribia.

Choo. Miezi ya kwanza alikuwa hali. Tukasema ni huzuni, tukaleta chakula kitamu, pweza wa nazi anaoupenda, anakula vijiko viwili anageuza uso. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba anajinyima ili asichafuke, kwasababu aliyekuwa anamsafisha ni mama. Kijana wa miaka 19 na mama yake mzazi. Mama hakuona tabu yoyote, alisema nilimuogesha mdogo naweza kumuogesha mkubwa, lakini haikuwa juu ya mama. Nikamuuliza tukiwa wawili, unataka nani? Akasema wewe, na mlango ufungwe, na usiongee. Nikajifunza. Siku moja baina, saa moja na nusu asubuhi, nusu saa baada ya chai na chakula cha moto kwasababu tumbo likipokea chakula utumbo wenyewe unaanza kusukuma, glavu, mafuta, kidole kizungushwe taratibu mpaka njia ifunguke, alafu unangoja. Wiki za mwanzo haikwenda sawa. Baada ya mwezi tumbo likashika saa yake, na kuanzia hapo akaacha kuogopa, na alipoacha kuogopa akaanza kula, na alipoanza kula kile kidonda kikaanza kujaa nyama. Hivi vitu vimeshikana, hujui ukivuta kimoja kipi kitakuja.

Mkojo alianza na mpira wa njia ya kawaida, baadae yeye mwenyewe akachagua wa kupitishwa chini ya kitovu moja kwa moja kwenye kibofu, maana kujitia mpira kila masaa manne mpaka sita kwa vidole vile asingeweza peke yake, na hakutaka kungoja mtu ili akojoe.

Na mpira huo ndo ulotaka kumuua mwezi wa nane.

Usiku baada ya isha analalamika kichwa kinapasuka. Uso umeloa jasho, vinyweleo vya mikono vimesimama, na miguu ya baridi. Presha yake kawaida ni 95 kwa 60, hio kwa watu wa shingo ni kawaida. Usiku ule 190 kwa 110. Nyumba ikajaa. Kuna walosema ni kijicho, kuna walosema ni jini wa bahari kaja kumalizia kazi yake, kisomo kikaanza, na mie sina neno na kisomo, lakini tulimlaza chali vizuri tukamfunika shuka, na kumlaza ndo kitu kibaya kuliko vyote tungeweza kufanya. Nikampigia yule dada wa fizio. Akauliza swali moja tu, mpira unatoa mkojo? Nikanyanyua shuka, mpira umekunjika chini ya paja, mfuko mtupu toka magharibi. Nikaunyoosha, mkojo ukatoka karibu lita, na ndani ya dakika kumi kichwa kikapoa.

Wanaita otonomiki disrefleksia, na kila aliyevunjika kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu yuko kwenye hatari hio. Kuna kitu chini kinauma, kibofu kimejaa, choo kimeganda, ukucha umeota ndani, kidonda, mwenyewe hasikii lakini mwili unasikia na unapandisha presha na hakuna amri kutoka juu ya kuishusha. Mkalishe wima, miguu ishuke, legeza kila kinachobana, alafu tafuta: mpira kwanza, choo, ngozi. Ikikataa kushuka kimbia hospitali, na lile jina la ugonjwa liandike kwenye karatasi likae mfukoni mwake, maana mhudumu wa zamu anaweza akaona mtu wa presha tu. Kwetu limebandikwa juu ya kitanda.

Nyumba yetu ni ya kizamani, mlango una kizingiti na chini yake daraja mbili, jumla sentimita 30 kutoka uchochoroni. Mteremko unaoshauriwa ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda iwe na 12 za urefu, kwa hio tulitakiwa tuwe na mita 3 na nusu na zaidi, na uchochoro wenyewe mtu na baiskeli hawapishani. Fundi akauweka ubavuni mwa ukuta, mkali kuliko inavyotakiwa, kwa hio kushuka anashuka na mtu nyuma. Jirani akakubali nusu ya baraza yake ikatwe. Mwambie mtu kutoka pahala pengine kwamba mtu kakubali baraza yake ikatwe hatoelewa ukubwa wake.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha msaada, kipana, kitambaa cha kukalia kimelegea katikati kama chandarua cha samaki, akawa anaegemea kushoto, na baada ya wiki mbili kile kifandugu kikaanza tena kuwa cheusi. Kiti cha bure kisichokutosha kinaweza kukugharimu ngozi yako. Cha pili alipimwa, nyonga, mapaja, mgongo, na mto maalumu wa foronya mbili. Mafundi wa mambo haya wapo kwetu, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT toka 1981 kinawafundisha, tatizo watu hawaambiwi kwamba kiti kinapimwa kama kanzu. Na kila nusu saa anainama mbele kifua kiguse mapaja, dakika mbili, ili damu ipite chini. Simu yake inamkumbusha kwa mlio.

Ibada ilimuuma kuliko nilivyojua. Alikuwa haswali miezi sita kwasababu ana mfuko wa mkojo kiunoni na anajiona najisi muda wote. Sikulijua hili, hakusema. Imamu wa msikiti wetu alikuja mwenyewe, akamweleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu anatawadhishwa wakati wa sala ukishaingia, anaswali na mfuko wake ulivyo, kwa ishara ya kichwa, na akishindwa kichwa basi kwa macho. Alilia usiku ule kilio ambacho hakulia hata siku alipoambiwa kuhusu miguu.

Kwasababu kuhusu miguu hakulia, alinyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha. Mwezi wa saba alinambia, "Kaka, bora ule mchanga ungenimaliza." Sikuwa na jibu na nashukuru sikujaribu kulitunga. Alomtoa pale ni mzee mmoja kutoka Pemba, alianguka mkarafuu akiwa kijana akavunjika mgongo, yuko kwenye kiti miaka mingi kuliko umri wa mdogo wangu. Huku kwetu mikarafuu na minazi imevunja migongo kuliko bahari. Mzee akaja, hakumpa pole. Akamuuliza unageuzwa saa ngapi, mpira wako namba ngapi, nani anakukagua mgongo, umeoa? Mdogo wangu akacheka kwa mara ya kwanza. Wakafunga mlango masaa mawili, na yaliyosemwa kuhusu ndoa na mambo ya ndani sijaambiwa na sijauliza, ila alitoka na uso mwengine. WHO wanasema duniani watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na ugwe uloumia, lakini yeye alihitaji mmoja, tena anayesema lugha yake.

Hali yake leo. Bado B. Kiwiko hakinyooki kwa nguvu yake mwenyewe, anakirusha. Miguu inakakamaa usiku na inatikisika, anatumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, na wageni wakiiona inatikisika wanasema mashaAllah inarudi, tunawashukuru na tunanyamaza. Anasukuma kiti mwenyewe pahala palipo sawa akiwa na glavu za mpira. Joto la Februari linamuweza kwasababu hatoki jasho kuanzia kifua kwenda chini, tunamlowesha shuka. Anaweka hesabu za duka la ami kwenye simu, na analipwa mshahara, sio sadaka, hilo alilisimamia mwenyewe. Anataka kuingia baharini tena, na maboya, maji yakiwa mafu na watu wanne. Mama kakataa. Mie sijasema ndio wala hapana.

Juzi kanipigia mtu kutoka Tanga, mtoto wa dada yake kachupa mtoni, shingo, siku ya 12, wako hospitali. Anazungumza mbio, anauliza mdogo wako miguu ilianza kurudi lini, na vidole walivikanda na nini, kuna dawa wanasema iko India. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza, toka asubuhi mmemgeuza? Akasema hapana, wameambiwa asisogezwe sogezwe. Nikamuuliza alishafungwa vyuma? Akasema ndio, siku ya nne. Nikamwambia kaka, kata simu, waite wauguzi mmgeuze sasa hivi, wawili, mmoja ashike shingo, mwengine atazame kifandugu kwa tochi, alafu unipigie tena uniambie umeona rangi gani.